Dawa ya chunusi inaniunguza uso, niache au nivumilie?

Swali la msomaji: Shikamoo dokta. Nina miaka 23, niko Tanga, chunusi zinanisumbua tangu sekondari. Nilienda hospitali nikapewa jeli ya adapalini asilimia 0.1 nipake usiku na jeli ya benzoili peroksaidi asilimia 5 nipake asubuhi. Sasa ni wiki ya tatu, uso unawaka, unabanduka magamba, pembeni ya mdomo na pua pamekuwa peusi, nikitoka jasho nasikia kama nimepakwa pilipili. Naosha uso na sabuni ya kipande na dodoki ili magamba yatoke, na mafuta nimeacha maana niliambiwa yanaleta chunusi. Mama na wenzangu wanasema nivumilie, ndo dawa inafanya kazi. Dada yangu anaolewa wiki sita kutoka sasa na nimeambiwa ntasingwa pamoja naye. Niache dawa au niendelee?

Marahaba mdogo wangu. Nianze na jibu lenyewe ndo nieleze. Acha zote mbili kuanzia usiku wa leo, ila kwa siku kadhaa tu, halafu utaanza upya na moja, kidogo kidogo, kwa namna ntakayokueleza. Dawa ulizopewa ni nzuri na aliyekuandikia hajakosea kuchagua, adapalini na benzoili peroksaidi ndo dawa za mwanzo ambazo madaktari wa ngozi wanaanzia kwa chunusi za kawaida, tena zipo tyubu ambazo hizo mbili zimechanganywa humo humo. Shida yako ni kwamba umeanza zote kwa mpigo, kila siku, juu ya ngozi inayosuguliwa na dodoki na haipati mafuta hata tone. Hapo hata mwenye ngozi ngumu angeungua.

Hilo la kuvumilia naomba mama anisamehe ila nalikataa. Kuwaka sio kipimo cha dawa kufanya kazi. Adapalini inafanya kazi ndani ya kitundu cha kinyweleo, inazuia zile seli zilizokufa zisishikane na mafuta zikaziba, maana chunusi yoyote unayoiona leo ilianza kama kizibo kidogo kisichoonekana wiki nyingi nyuma, na hiyo kazi inaendelea hata kama husikii chochote usoni. Ile kuwaka inatoka sehemu nyingine kabisa. Dawa hii inaharakisha seli za ngozi kujibadilisha, na wiki za mwanzo tabaka la juu linakuwa jembamba na yale mafuta ya asili yanayozishika seli pamoja yanapungua, hivo maji yanatoka kwenye ngozi kwa urahisi na jasho, sabuni na manukato yanaingia kwa urahisi. Ndo maana jasho la kawaida la Tanga sasa linakuuma. Ngozi ya watu wengi inazoea ndani ya wiki nne hivi, wengine hadi nane, lakini inazoea kama umeipa nafasi ya kujijenga, sio kama kila siku unaiongezea kidonda juu ya kidonda.

Na kwetu sisi wenye ngozi nyeusi kuna sababu kubwa zaidi ya kutovumilia, na hii ndo naomba uishike kuliko yote. Ngozi yetu ikiumizwa na chochote, iwe chunusi, iwe kung'atwa na mbu, iwe dawa yenyewe, inajibu kwa kumwaga rangi. Huo weusi unaouona pembeni ya mdomo na pua haujaletwa na chunusi, umeletwa na dawa kuunguza. Chunusi inaweza ikaisha baada ya wiki moja au mbili lakini doa lake likakaa miezi, mengine yanapita mwaka, na doa la kuungua nalo ni hivo hivo. Kwa hiyo mtu anayevumilia ili chunusi ziishe haraka anamaliza chunusi anabaki na madoa, na akishaona madoa ndo anakimbilia krimu za kujichubua na kesi inakuwa nyingine kabisa. Nimewaona wengi mno waliopita njia hiyo na inaniuma kila mara maana ilikuwa inazuilika.

Kwanza tuhakikishe ni kuungua tu na sio aleji, maana benzoili peroksaidi kuna watu inawakataa. Kuungua kunakuja taratibu, kunawaka na kukauka zaidi ya kuwasha, na kunakaa pale pale ulipopaka, hasa kwenye kona za pua na mdomo ambako dawa inajikusanya. Aleji inawasha sana, kope zinavimba, vinatoka vipele vidogo vya maji, na inaweza kusambaa mpaka sehemu ambayo hukupaka kitu. Ulivyoelezea wewe naona ni kuungua. Ila kama kope zimevimba au vipele vinatoa maji, hiyo dawa usiirudie kabisa, nenda kaonwe. Na ikitokea koo linabana, midomo inavimba au unasikia kuzimia baada ya kupaka, hiyo ni ya kukimbilia hospitali saa hiyo hiyo. Ni nadra lakini ipo, mwaka 2014 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa tahadhari kuhusu jambo hilo hilo kwa dawa za kupaka zenye benzoili peroksaidi au asidi ya salisiliki, ambayo ni dawa nyingine ya chunusi, na wakashauri mtu anayeanza apake kidogo sehemu moja au mbili kwa siku tatu kwanza kabla ya kujipaka uso mzima. Ushauri huo ni mzuri na haugharimu chochote.

Sasa siku za mapumziko. Uso unaoshwa mara mbili kwa siku basi, asubuhi hata maji matupu yanatosha. Dodoki liishie shingoni, usoni tumia vidole. Najua magamba yanakera na mkono unavutwa kuyasugua, lakini yale magamba ni ngozi ambayo bado haijawa tayari kutoka, ukiyang'oa na dodoki unafunua ngozi mbichi na kesho yanakuja mengi kuliko ya leo. Sabuni ya kipande nayo weka pembeni kwa ajili ya uso. Sabuni hizi za kawaida ni kali kwa magadi, pH yake, yaani kipimo cha tindikali na magadi, inafika 9 mpaka 10 wakati ngozi ya uso inapenda karibu na 5, na kadiri sabuni inavyotoa povu jingi na kuacha uso unakwaruza ndivyo imeondoa mafuta ambayo wewe sasa hivi unayahitaji. Tafuta sabuni ya maji ya uso isiyo na manukato iliyoandikwa kuwa ni ya ngozi kavu au ya ngozi nyepesi kudhurika. Na kama maji ya kwenu ni ya kisima yenye chumvi, jaribu angalau ya mwisho ya kusuuzia iwe ya bomba au ya mvua, maana maji mazito yanaacha sabuni kwenye ngozi. Maji yasiwe ya moto. Ukimaliza kausha kwa kugandamiza taulo, usifute.

Halafu mafuta. Aliyekwambia uache mafuta kabisa alikuwa na nia njema na kuna ukweli kidogo ndani yake, mafuta ya nazi kwa mfano mimi siyapendi kwenye uso wenye chunusi, na siagi ya kakao nayo hivo hivo, hizo kwa watu wengi zinaziba. Lakini losheni nyepesi ya maji maji, yenye gliserini au seramaidi (aina ya yale mafuta ya asili yanayozishika seli pamoja), isiyo na manukato, hiyo ni sehemu ya matibabu yenyewe na bila hiyo hizi dawa hazitumiki. Ukisoma nyuma ya chupa ukakuta neno parfum hiyo inanukia, iache kwanza. Paka uso ukiwa bado na unyevu kidogo, asubuhi na usiku, na mchana ukisikia unakaza ongeza. Kama hela ya losheni ya famasia haipo, gliserini ya dukani inafaa, ila usiipake kavu kavu, ni nzito na inanata, lowanisha viganja, weka matone mawili matatu, changanya mkononi ndo upake. Na mafuta ya mgando yasiyo na harufu paka kidogo sana kwenye kona za mdomo, kona za pua na midomo, hayo yenyewe hayazibi vinyweleo kama watu wanavyodhani, ubaya wake ni uzito tu kwa joto la pwani.

Utajuaje uko tayari kurudi kwenye dawa? Nawa uso na maji matupu, paka losheni. Kama havikuumi, na magamba yametulia, na ukicheka ngozi ya mdomoni haivuti, uko tayari. Wengine inawachukua siku nne, wengine wiki nzima au zaidi, usihesabu kalenda, sikiliza uso.

Ukirudi rudi na adapalini peke yake. Wiki mbili za mwanzo usiku mara mbili tu kwa wiki, tuseme Jumatatu na Alhamisi. Ukiona sawa nenda siku moja ndio siku moja hapana kwa wiki mbili tatu hivi, ndipo ufikirie kila usiku, na kuna watu wanabaki kwenye siku moja ndio moja hapana miaka yote na uso wao ni safi kabisa, hakuna sheria inayosema lazima ufike kila siku.

Namna ya kupaka ndo mahali wengi wanakosea, na nikimwomba mgonjwa apake mbele yangu karibu kila mara naona anakamua mstari mrefu kama wa mswaki. Uso mzima unahitaji tone la ukubwa wa punje moja ya njegere, basi. Osha uso, kausha, subiri kama dakika 20 mpaka ukauke kweli, maana kwenye ngozi yenye maji dawa inaingia kwa nguvu na kuwasha zaidi. Tangulia kupaka mafuta ya mgando kwenye kona za pua na mdomo, na usisogee karibu na macho. Kisha losheni nyepesi uso mzima, iache inywee. Ndo uchukue ile punje, idondoshe kidogo paji la uso, mashavu, kidevu na pua, usambaze kwa ncha ya kidole mpaka isionekane. Baada ya dakika chache losheni tena juu yake. Huo mtindo wa losheni, dawa, losheni unapunguza makali, na ukishazoea unaweza kuacha ile ya chini. Na ipakwe eneo lote linalotoaga chunusi, sio kuidondoshea juu ya kipele kimoja kimoja, maana inazuia vile vizibo ambavyo hujaviona bado.

Kama hata hivo bado inakuuma, ipo njia nyingine ya kuipaka kwa muda mfupi. Unapaka jioni, unakaa nayo nusu saa mpaka saa moja, unaosha, unapaka losheni unalala. Kila baada ya siku chache unaongeza muda. Kwa ngozi laini sana hii inasaidia sana na mimi naipenda kuliko kumwambia mtu aache dawa.

Benzoili peroksaidi isubiri mpaka adapalini imezoeleka, mwezi hivi. Na ukirudi nayo, omba ya asilimia 2.5. Watu wanadhani ya 10 ndo kiboko lakini utafiti wa tangu miaka ya 1980 ulionesha asilimia 2.5 inapunguza chunusi sawa sawa na ya 5 na ya 10, tofauti ni kwamba ile ya 10 inaunguza zaidi. Usipoipata, hiyo 5 uliyonayo usiitupe, ipake asubuhi iache dakika mbili mpaka tano halafu osha. Dawa hii inaua wadudu wa chunusi kwa kutoa oksijeni, na haina ile shida ya wadudu kuizoea kama antibayotiki zinavyozoeleka, ndo maana hatutaki uikimbie moja kwa moja. Ila angalia nguo. Inachubua rangi ya kitambaa, taulo, foronya, na wewe kama unavaa mtandio mweusi utakuja kuona ukingo wote unaozunguka uso umekuwa wa kahawia, halafu ufikirie mtandio ulikuwa feki. Kausha uso kabisa kabla ya kuvaa na tumia foronya nyeupe.

Kuna wasomaji wengine walioandikiwa tretinoini badala ya adapalini. Hiyo ni ndugu yake lakini kali zaidi kwa kuwasha, na zile za zamani mwanga unaziharibu na benzoili peroksaidi pia inaziharibu, kwa hiyo usiku tu na zisikutane kwenye ngozi kwa wakati mmoja. Anzeni na ile ya asilimia 0.025.

Vitu vya kuweka kando kabisa kipindi hiki: skrabu za punje, liwa na manjano usoni, dawa ya meno kwenye kipele, spiriti, na ndimu. Ndimu naisema kwa nguvu. Tindikali yake ni kali mno kwa ngozi iliyojeruhiwa, na maji yake yakipigwa na jua juu ya ngozi yanaweza kuunguza mpaka malengelenge na kuacha doa jeusi baya kuliko lile ulilotaka kulitoa. Nyusi zako usitinde kwa nta ukiwa kwenye adapalini, ngozi inatoka na nta, tumia wembe au mkasi. Wanaume wanaonyoa ndevu wapumzishe dawa usiku wa kuamkia kunyoa.

Kingine, na hapa naomba unisikie kama dada yako. Ukienda dukani na uso unaowaka kuna muuzaji atakupa tyubu ndogo atakwambia hii inatuliza mara moja. Mara nyingi hiyo ina klobetasoli au betamethasoni, ni steroidi, yaani dawa kali za kuzima uvimbe na muwasho. Ni kweli itatuliza, kesho tu uso unang'aa. Wiki chache baadaye ngozi inakuwa nyembamba, ukiacha inalipuka wekundu na vipele vipya vyote vinafanana, na kutoka hapo ni miezi ya matibabu. Usoni steroidi ni mpaka daktari akuandikie, jina na idadi ya siku.

Jua. Ngozi iliyoungua ikipigwa jua inazidi kuweka weusi, na wengi wetu tumezoea kuona sanskrini, yale mafuta ya kukinga jua, ni ya wenzetu wenye ualbino peke yao, tena hapa nyumbani pale hospitali ya KCMC Moshi kwenye kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi ndiko sanskrini ya Kilisun ilikoanza kutengenezwa kwa ajili yao. Kwa ualbino ni suala la saratani, ndo maana wanatangulia kupewa. Kwako wewe ni suala la madoa. Tafuta ya SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 kwenda juu, isiyo na manukato, na ukipata yenye rangi ya ngozi yako chukua hiyo, ile rangi inazuia na mwanga wa kawaida unaoonekana ambao nao unakoleza madoa kwenye ngozi nyeusi. Kama inakuuma macho ukitoka jasho, tafuta yenye zinki. Na mtandio unaotoa kivuli au mwavuli vyote vinahesabika.

Usitegemee makubwa kabla ya wiki 8 mpaka 12. Wiki za mwanzo vipele vinaweza kuongezeka kidogo pale pale vinapotokaga siku zote, hiyo ni kawaida. Vikitoka mahali ambapo hujawahi kupata chunusi, vidogo vidogo vinavyowaka, hiyo ni ngozi inalalamika, rudi nyuma hatua moja. Na kama una vile vikubwa vya ndani vinavyouma na kuacha mashimo, usikae na tyubu miezi, hizo zinahitaji vidonge na daktari wa ngozi. Ukishika ujauzito, au ukiwa unatafuta, adapalini na tretinoini unaacha, mwambie daktari akubadilishie. Asidi ya azelaiki inaruhusiwa, na nzuri zaidi inasaidia na madoa, japo nayo inachoma choma wiki za mwanzo.

Tuje kwenye harusi maana najua ndo inakunyima usingizi. Wiki sita ni muda mzuri wa kuupoza uso, sio wa kuumaliza chunusi, kwa hiyo lengo lako liwe ngozi iliyotulia, isiyobanduka, ambayo poda inakaa bila kuonesha magamba. Singo ingia, ila mwambie kungwi mapema isipite shingo, mwili wote wakusugue watakavyo, usoni hapana, maana yale mawaridi, asmini na karafuu vyote ni manukato na kule kusugua kwenyewe kutakurudisha ulipo leo. Adapalini iache siku tatu au nne kabla ya siku ya kupambwa. Mpambaji mpya umjaribu wiki mbili kabla, aguse sehemu ndogo chini ya taya, usubiri siku mbili tatu. Na usiku wa harusi ukirudi hata kama umechoka namna gani toa make-up yote kwa sabuni yako ile laini na vidole, paka losheni, na adapalini isubiri mpaka usiku wa tatu.